Kampuni ya nje inatutaka tupige picha za mradi wa maji wa serikali: tuingie kwa masharti gani?

MtoMgeta aliandika:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa watu waliokwisha kufanya kazi za aina hii.

Sisi ni kikundi cha vijana tunaofanya kazi za video hapa Morogoro mjini. Tulianza na harusi na mahafali, na sasa sehemu kubwa ya kazi zetu ni za halmashauri na za mashirika yaliyo mkoani. Tumefuatwa na kampuni ya mawasiliano kutoka Ulaya ambayo mfadhili wa miradi ya maji vijijini ameipa kazi ya kusimulia matokeo ya miradi hiyo kwa video fupi. Baadhi ya vijiji vilivyochaguliwa viko milimani upande wa Mvomero, ambako wawili kati yetu wamezaliwa na wanazungumza Kiluguru.

Masharti waliyotutumia ni haya. Wao watakuja na mwongozaji na mswada uliokwisha kuandikwa. Sisi tutatoa kamera, sauti, droni, gari, vibali vyote na watu wa kuhojiwa. Siku ya mwisho tutakabidhi diski zote na hatutabaki na nakala yoyote. Majina yetu yataonekana mwishoni mwa video iwapo nafasi itaruhusu. Malipo yenyewe ni mazuri kuliko tuliyozoea, nami sitaki kuficha kwamba tunayahitaji.

Kinachonisumbua zaidi ni mswada. Unaanza na mama anayebeba ndoo kichwani kabla ya mapambazuko, na unaishia na bomba linalofunguliwa huku watoto wakicheka. Ninavijua vijiji hivyo. Maji yamefika kwa mserereko kutoka mlimani, ni kweli, na watu wanayafurahia. Lakini jambo linalowashughulisha leo ni namna jumuiya ya watumia maji inavyokusanya ada, inavyomlipa fundi, inavyobadilisha koki zilizoharibika na inavyozibua banio, yaani mahali maji ya mto yanapokingwa kuingia kwenye bomba, pale mvua za masika zinapoleta tope. Mama wa kubeba ndoo alfajiri itabidi tumwigizishe, kwa kuwa kituo cha kuchotea maji kiko karibu na nyumba yake.

Je, tukubali tulivyopewa, tukatae, au kuna namna ya kuzungumza nao ili tuwe washirika wa kweli bila kuipoteza kazi?

---

AfisaHabariMstaafu alijibu:

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya habari katika halmashauri kwa muda mrefu, na wageni wenye kamera wamepita ofisini kwangu wengi. Nitakujibu kwa upande ninaoufahamu.

Kwanza, tambua uzito wa kile walichokiita "vibali vyote" kana kwamba ni kazi ndogo ya kupitisha karatasi. Kupiga picha za filamu nchini kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Droni inahitaji kusajiliwa na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na ridhaa ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, nayo hairuki kwa sababu tu mwongozaji ameamka na wazo jipya. Wageni wenyewe wanahitaji viza inayoruhusu kazi. Viza ya kutalii haiwafai. Halafu kuna ngazi za utawala: barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mtumishi wa umma hatazungumza mbele ya kamera bila idhini ya mkuu wake, na huo ni utaratibu wa kazi, wala asichukuliwe kuwa ana jambo la kuficha. Yote haya ni wiki kadhaa za kazi ya mtu mwenye heshima na anayefahamika. Yaandikeni kwenye bei kama kazi inayojitegemea, yenye malipo yake na muda wake.

Pili, sharti la kutobaki na nakala lina tatizo ambalo huenda hata wao hawalijui. Marekebisho ya sheria hiyo ya filamu yaliyofanywa mwaka 2019 yanawataka wageni wanaopiga picha hapa nchini kuwasilisha kwa Bodi picha ghafi na nakala ya kazi iliyokamilika. Hivyo hoja ya kwamba kila kitu kiondoke na diski haisimami tangu mwanzo. Itumieni hoja hiyo kwa upole: ikiwa picha ghafi hazina budi kuonekana na mamlaka ya nchi, basi halmashauri ambayo mradi uko katika eneo lake, na kikundi kilichozipiga, navyo vinaweza kupewa nakala kwa matumizi yaliyotajwa kwenye mkataba.

Kuhusu mswada, mimi siamini kwamba wageni hao wana nia mbaya. Miradi mingi ya maji vijijini siku hizi inalipiwa kwa kuangalia matokeo, yaani fedha hutoka baada ya kuthibitishwa kwamba vituo vinatoa maji, na hali hiyo humfanya kila mtu katika mnyororo atamani picha ya bomba linalofunguliwa. Lakini bomba kufunguliwa ni habari ya siku moja. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyoianzisha RUWASA, iliweka uendeshaji wa miradi ya vijijini mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Kwa hiyo hiyo jumuiya unayoitaja, yenye mhasibu na fundi wake, ndiyo kiini cha sera yenyewe. Mkiwaonyesha wageni kwamba hadithi yenu ndiyo inayokwenda na sera wanayoigharimia, mtakuwa mmewasaidia kufanya kazi yao vizuri, na ninadhani mwongozaji mwenye akili atawasikiliza.

Na tafadhali, msimwigizishe yule mama. Siku video itakapofika kijijini, na itafika kwa simu za mkononi hata kama hamkuipeleka, majirani watamwona akibeba ndoo gizani wakati wanajua anachota maji mlangoni. Mtakuwa mmemvunjia heshima mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuwakatalia, na ofisi ya serikali itakuwa imewekewa jina lake juu ya jambo lisilo kweli.

---

Likoni_Video alijibu:

Shikamoo mzee wangu hapo juu, umeyasema vyema. Mimi niko Mombasa, na huku kwetu kazi za namna hii zimeongezeka tangu Katiba ya 2010 ilete kaunti 47. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu mawasiliano na umma na nyingine kuhusu elimu ya uraia, kwa hiyo kaunti huagiza video, wafadhili huagiza video, na kampuni za nje huja kutafuta wenyeji wa kuzipiga.

Ndugu MtoMgeta, nitazungumzia mkataba tu, maana hapo ndipo wenzetu wengi huumia.

Ulizeni sheria ya nchi gani itatawala mkataba huo. Si swali dogo. Huku Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa kwa malipo huhesabiwa kuwa imehamishiwa aliyeiagiza, isipokuwa kama makubaliano yamesema vinginevyo. Maana yake ni kwamba msipoandika chochote, mmeshaipoteza. Kwenu iko sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na iko COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nendeni mkaulize kabla ya kutia saini. Lakini popote mlipo, kilichoandikwa ndicho kitakachowalinda. Sisi hudai mambo mawili ambayo kampuni za nje huyakubali mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. La kwanza ni leseni ya kuionyesha kazi iliyokamilika katika orodha ya kazi zetu na kwa jamii iliyorekodiwa. La pili ni kwamba picha ghafi hazitatumika kwa mada nyingine bila kutuarifu sisi na watu walio ndani yake. Hili la pili mlikazanie. Uso wa mtoto aliyerekodiwa akinywa maji unaweza kuibuka miaka mitatu baadaye katika tangazo la kuomba michango juu ya njaa, na mzazi wake akakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye anayekujua.

Malipo: sehemu ya kwanza iingie kabla gari halijawashwa. Vibali, mafuta, posho za madereva na vyumba vya kulala havilipwi kwa ahadi. Kampuni kubwa hulipa siku 30 au 60 baada ya ankara, na huo ni utaratibu wao wa kawaida, ila kikundi kidogo hakiwezi kuikopesha kampuni ya Ulaya fedha za kufanyia kazi yake.

Halafu jina. "Nafasi ikiruhusu" ni maneno ya kufuta. Andikeni majina yenu na nafasi zenu za kazi jinsi yatakavyoonekana, na wayaambatishe kwenye mkataba. Bila jina hamtaweza kuonyesha uzoefu wenu mtakapoomba kazi ya kwenu wenyewe.

---

MhaririUbungo alijibu:

Mimi ni mhariri wa video, na kazi zangu nyingi ni za picha zilizopigwa na watu wengine. Dada yetu wa Likoni amegusa jambo la nyuso za watu, nami naliendeleza kwa sababu sasa lina sheria.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo. Uso, sauti, jina na kijiji cha mtu katika video ni taarifa binafsi. Taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Diski inayopanda ndege kwenda Ulaya ni usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi, nao una masharti yake. Upande wa pili, kampuni yenyewe kama iko katika Umoja wa Ulaya inabanwa na kanuni zao zilizoanza kutumika mwezi Mei 2018, ambazo zinampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa yake. Sasa fikirini: mama wa Mvomero akitaka kuiondoa ridhaa yake, atampigia nani simu? Fomu nyingi za ridhaa nilizoziona zimeandikwa Kiingereza na zina anwani ya barua pepe ya ofisi iliyoko mbali. Fomu yenu iandikwe Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti, ielezwe kwa Kiluguru pale inapohitajika, iwe na namba ya simu ya mtu aliyepo Morogoro, na mhusika abaki na nakala yake. Mkiirekodi ridhaa kwa kamera pia, itawasaidia.

Jambo la pili ni mahali pa kuhariria. Ninyi mnasema mtakabidhi diski siku ya mwisho. Mhariri aliye ng'ambo atapokea saa nyingi za mazungumzo ya Kiswahili na Kiluguru asiyoyaelewa hata kidogo. Atafanya nini? Atachagua nyuso zinazopendeza na sentensi fupi, ataweka muziki, na mzee aliyeeleza kwa dakika kumi jinsi walivyokubaliana juu ya ada ya maji atabaki na maneno matano. Nimeona hivyo mara nyingi, na mara nyingi mhariri mwenyewe ni mtu makini aliyenyimwa nyenzo.

Pendekezeni hivi: picha halisi zibaki kwenu katika nakala mbili, moja ikihifadhiwa jengo jingine, na wao watumiwe nakala nyepesi kwa mtandao kila jioni. Pamoja na nakala hizo watumiwe maandishi ya mahojiano yote kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye alama za muda. Kazi hiyo ifanywe na hao wenzenu wawili wanaojua Kiluguru, na ilipiwe kama kazi ya ujuzi. Kwa saa moja ya mahojiano tengeni siku nzima au zaidi, wala msikubali kuifanya usiku baada ya kurudi kutoka uwanjani. Kisha muwe na haki ya kuiona hariri ya kwanza, yaani video ikishaunganishwa kwa mara ya kwanza, na kusema palipopotoka kabla haijafika kwa mfadhili. Kwa mtazamo wangu haki hiyo ina thamani kuliko nyongeza yoyote ya malipo ya siku, maana baada ya mfadhili kuipitisha hariri hakuna anayerudi nyuma.

Sauti msiisahau. Karibu na maporomoko na mabanio kelele ya maji humeza maneno; mfanyie mahojiano mtu penye utulivu, kisha kapigeni picha za banio akiwa kazini.

---

MzeeWaKorogwe alijibu:

Wanangu, mjadala ni mzuri, nami naongeza jambo la historia kwa sababu linawahusu.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huku kwetu Usambara, mahali paitwapo Vugiri, palikuwa na mradi wa filamu uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani na kuungwa mkono na serikali za kikoloni. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, minyoo ya safura, kodi na kuweka akiba posta, zikazungushwa kwa gari kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika, na wasaidizi wa ufundi pia walikuwapo Waafrika. Walioamua nini kisimuliwe, na mtazamaji ajifunze nini, walikuwa wageni. Ugawaji wa kazi katika barua mliyopokea unafanana mno na ule, nami sisemi hivyo kwa kumtukana mtu yeyote.

Ipo mifano mingine. Miaka ya 1990, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, mradi wa maendeleo vijijini wa RIPS uliofadhiliwa na Finland ulitumia video shirikishi. Wavuvi walieleza wenyewe madhara ya uvuvi wa baruti, wakajitazama, wakajadiliana, na picha hizo zikawafikia viongozi wa serikali ambao wavuvi hao wasingeweza kuwafikia kwa urahisi. Fedha zilitoka nje, utaalamu mwingine ulitoka nje, na serikali ilikuwamo. Tofauti ilikuwa kwamba watu waliorekodiwa walikuwa ndio watazamaji wa kwanza, na waliweza kusema "hapa sivyo."

Kwa hiyo, MtoMgeta, mwombe mwenzio wa Ulaya siku moja tu katika ratiba: mkutano mkuu wa kijiji ambapo hariri ya kwanza itaonyeshwa kwa projekta na jenereta kabla haijapelekwa popote. Gharama yake ni ndogo. Mtendaji wa kijiji atafurahi kuiweka kwenye ajenda, hasa mkiipanga pamoja na mkutano wa kawaida wa robo mwaka.

---

MtoMgeta alijibu:

Nawashukuruni nyote, shikamooni wazee. Nimewasomea wenzangu majibu yenu na tumekubaliana kuandika barua moja yenye mambo manne tusiyoyaachia: maandishi ya mahojiano yawe kazi yetu inayolipwa, tuione hariri ya kwanza, picha zionyeshwe kijijini, na majina yetu yaambatishwe kwenye mkataba. Kuhusu mswada hatutaukataa wote. Tutapendekeza mhusika mkuu awe mhasibu wa jumuiya ya maji wa kijiji kimojawapo, akikubali mwenyewe, tumfuate katika siku ya kukusanya ada na siku ya kuzibua banio.

Swali langu la mwisho: je, kuna njia ambayo siku zijazo sisi tutakuwa wenye mkataba na kampuni ya nje ikawa chini yetu?

---

AfisaHabariMstaafu alijibu:

Ipo, na ningewahimiza mwianze sasa hata kama kazi hii mtaifanya kwa utaratibu wa zamani.

Ununuzi wa umma siku hizi unapitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa upendeleo kwa wazawa. Taasisi nunuzi pia hutakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ninyi ni vijana. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mkaulize utaratibu wa kutambuliwa, sajilini kikundi au kampuni, mpate namba ya mlipakodi na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, kisha mjisajili kwenye mfumo. Halmashauri nyingi zina bajeti ndogo za vipindi na makala za video, na hizo ndizo zitakazowapa rekodi ya kazi mliyoifanya kwa jina lenu. Zabuni kubwa zikija mtaweza kuingia kwa ubia, ninyi mkiwa viongozi na kampuni ya nje ikileta ujuzi ambao bado hamna, kwa mfano uhariri wa rangi au usambazaji wa kimataifa.

Angalieni kodi tu. Mkilipwa na taasisi ya hapa, huduma yenu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mkiwa ninyi ndio mnaomlipa mtoa huduma asiye mkazi, ni wajibu wenu kumkata asilimia 15 na kuipeleka TRA; jambo hili lisemwe kwenye bei mapema ili mgeni asije akadhani mmempunja. Usajili wa VAT hautawahusu hadi mauzo yenu yafikie shilingi milioni 200 kwa mwaka.

Barua yenu ikijibiwa, tuleteeni majibu hapa. Wakikubali matatu kati ya manne, mimi ningekwenda, mradi moja ya hayo matatu iwe ni kuiona hariri kabla ya mfadhili. Wakikataa hiyo, msiende.